Fundi Aliyeitwa Sishikiwi

Alikuwa fundi umeme wa jengo zima, na ukimwulizia getini kwa jina alilopewa na wazazi wake, walinzi walitazamana kwanza, kisha mmoja akasema, "Aa, unamtaka Sishikiwi." Jina hilo alijipa mwenyewe bila kukusudia. Alipokuwa bado mgeni kazini, mtu mmoja alimwona juu ya ngazi akakimbia kwenda kumshikia, naye akasema kutoka huko huko juu, "Wewe kaendelee na kazi zako, mimi sishikiwi." Watu wakacheka, na jina likamkaa kama shati la kushonewa.

Hakulichukia. Tuseme ukweli, alilipenda. Alikuwa mwembamba, mrefu wa mikono, na alikuwa na mtindo wake ambao makarani waliacha kompyuta zao kuja kuutazama. Akiwa juu ya ngazi ya kusimama yenyewe, na taa inayofuata ikiwa mbali kidogo, hashuki. Anaibana ngazi kwa mapaja, anairusha kwa kiuno, tak, tak, tak, ngazi inatembea naye akiwa juu yake mpaka pale anapotaka. Mvi zilikuwa zimeshamwingia kichwani, lakini siku za namna hiyo alishuka akijiona kijana wa juzi.

Mtu pekee ambaye hakuacha kazi kumtazama alikuwa shemeji yake, aliyekuwa anapiga deki katika jengo hilo hilo. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mkewe, mjane, mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya kukwaruza na mzaha usioisha. Ndiye aliyemlea mkewe tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa kufua nguo za watu, na siku ya ndoa ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mama mzazi wa bibi harusi. Kwa hiyo kwa Sishikiwi alikuwa nusu shemeji, nusu mkwe. Siku aliyotaka kumtania alimwita shemeji, na siku aliyotaka kumwomba radhi alimwita mama. Kazi ya usafi Sishikiwi ndiye aliyemtafutia, kwa kuzungumza na msimamizi wa jengo, na kwa hilo alijisikia vizuri kila alipomwona akiingia asubuhi na kitambaa chake kichwani.

"Shemeji," yule mama alimwambia siku moja mbele ya walinzi, huku ngazi ikitembea, "mdogo wangu nilidhani nimemwoza kwa fundi, kumbe nimemwoza kwa kima."

Walinzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye naye alicheka, akarusha kiuno tena, tak, tak.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Watu waliingia ukumbi wa mapokezi na viatu vya matope, na yule mama alikuwa amekwisha kupiga deki mara moja, akaona haitoshi, akaanza upya. Vigae vilikuwa vinang'aa kama kioo. Katikati ya ukumbi alikuwa amesimamisha kibao cha njano, kile chenye picha ya mtu anayeteleza.

Ndipo msimamizi wa jengo akapiga simu. Alikuwa mwanamke mkimya asiyependa kurudia maneno. Alisema kuna wageni wanakuja asubuhi hiyo kukagua ofisi za kupanga, na taa ya juu ya meza ya mapokezi inapepesa. Iwe imetengenezwa kabla hawajafika.

Ngazi ya kusimama yenyewe ilikuwa stoo, chini kabisa, na ufunguo wa stoo alikuwa nao mlinzi aliyekwenda kunywa chai. Nyuma ya ngazi za kupandia ghorofani kulikuwa na ngazi nyingine, ya kuegemeza. Ngazi hiyo ilikuwa imepoteza raba ya mguu mmoja, na Sishikiwi alijua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akisema ataiwekea raba mpya, kesho, kesho kutwa, wiki ijayo. Wakati huo wote alikuwa akikunja kipande cha boksi na kukisukumiza chini ya mguu ule. Hata siku hiyo alifanya hivyo hivyo.

Aliibeba mpaka katikati ya ukumbi, akaitazama taa, akatazama nguzo ya kuegemezea. Nguzo haikuwa mahali pazuri. Akiisimamisha ngazi inavyotakiwa, taa ingemkaa mbali. Akiilaza zaidi, angeweza kujinyoosha akaifikia. Na pale miguu ya ngazi ilipotakiwa kukaa, ndipo kilipokuwa kibao cha njano.

"Shemeji, hapo bado pabichi," yule mama alisema, akiinamia ndoo yake. "Ngoja pakauke."

"Wageni wako njiani."

"Basi ngoja nikushikie."

"Wewe hulijui jina langu?"

Kwa kawaida yule mama angemjibu kwa mzaha. Siku hiyo alimtazama tu fundi alivyokiinua kile kibao na kukisimamisha nyuma ya nguzo, mahali ambapo mtu anayeingia mlangoni hawezi kukiona. Kisha akarudi kukamua dekio lake.

Sishikiwi alipanda, taa mpya mkononi, bisibisi mdomoni. Akafika juu, akaachia mkono, akajinyoosha. Ilibaki kidogo tu. Mtu mwingine angeshuka akaisogeza ngazi. Yeye alisogeza kiuno, akatoa mguu mmoja kwenye kidato, akajinyoosha tena, na hapo akasikia ngazi ikipumua. Baadaye kila alipokumbuka alikumbuka hivyo, kwamba ngazi ilipumua. Kilikuwa ni kile kipande cha boksi, kilichokwisha kulowa, kinakwenda na mguu wa ngazi.

Yule mama alikuwa upande wa pili wa ndoo. Angeweza kurudi nyuma. Badala yake aliachia dekio akakimbia mbele, mikono yote miwili imenyooka, kwenda kuishika ngazi. Akaikuta imekwisha kuondoka. Ngazi ilijipinda, ikamwangukia mkono, na mtu aliyekuwa juu yake akamwangukia yeye.

Taa ilipasuka kwa mlio mmoja mkubwa, kisha pakawa kimya, ila ndoo iliyokuwa inabiringika. Sishikiwi aliinuka. Alijipapasa, akajikuta mzima, mchubuko tu kwenye kiwiko. Shemeji yake alikuwa amekaa katikati ya maji na vipande vya vioo, kitambaa kimemtoka kichwani, anautazama mkono wake wa kulia. Kiganja kilikuwa kimegeukia upande usio wake. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayeuliza bei ya kitu, "Umeumia, shemeji?"

Msimamizi alishuka mbio. Wageni walikuwa wamesimama mlangoni na miavuli yao, hawajui waingie au watoke.

"Imekuwaje?" msimamizi aliuliza.

"Sakafu ilikuwa imelowa," alisema Sishikiwi.

"Hakukuwa na kibao?"

Alikuwa na nafasi hapo. Shemeji yake alikuwa anainuliwa na walinzi, mgongo wake umewaelekea. Watu wote walikuwa wanamtazama fundi, na yeye alijiona alivyo, suruali imelowa, Sishikiwi aliyeanguka mbele ya makarani.

"Mimi sikukiona pale," alisema.

Neno lile *pale* alilichagua. Hakikuwa pale kweli. Kwa siku nyingi zilizofuata alijaribu kujifariji nalo, akaona halifariji.

Hospitalini wakasema mfupa umevunjika kifundoni, tena vibaya, itabidi uwekwe vyuma. Mkewe alifika na viatu vya nyumbani. Alimsikiliza mumewe kwenye korido, habari ya mvua, vigae na sakafu iliyolowa. Akaingia kwa dada yake, akakaa humo muda mrefu, na alipotoka alisema tu, "Dada atakaa kwetu mpaka apone."

Basi akaja kukaa kwao. Watoto walipewa godoro sebuleni, naye akapewa chumba chao. Sishikiwi alijifunza katika nyumba yake mwenyewe mambo mengi ambayo mtu wa mkono mmoja hawezi kuyafanya. Hawezi kumenya chungwa. Hawezi kufunga kitambaa kichwani, wala kukaza kanga. Mwanamke aliyekuwa akikamua dekio mpaka halitoi tone, sasa alikuwa anakaa kitandani asubuhi akisubiri mdogo wake amfungie vifungo, kama zamani yeye alivyomfungia huyo mdogo wake sare za shule. Mlango ukiwa wazi Sishikiwi alipita haraka akitazama chini. Wakati wa kula alimwona akihangaika na kijiko kwa mkono wa kushoto, wali unadondoka kifuani, naye alikumbuka ana shughuli uani.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba mzaha ulikuwa umekwisha. Yule mama hakumnunia. Alimsalimia vizuri, akamshukuru akiletewa maji, akamwuliza habari za kazi. Lakini hakumwita tena shemeji. Alimwita baba watoto, kwa adabu, kama mtu aliyejulishwa kwake jana. Angetukanwa angelala.

Jumamosi moja msimamizi alikuja kumjulia hali. Alileta matunda, akakaa sebuleni na mgonjwa, na mkewe Sishikiwi akiwa ametoka, ilibidi yeye mwenyewe aingie jikoni kuchemsha chai. Jiko lilitenganishwa na sebule kwa pazia tu.

"Kuna jambo sina budi kukuuliza, mama," alisikia msimamizi akisema. "Kile kibao cha njano. Siku ile ulikiweka?"

Sishikiwi alisimama na birika mkononi.

"Labda nilisahau, bosi," ilijibu sauti ya kukwaruza. "Mvua ile, na kazi yenyewe. Mtu husahau."

"Ningependa ukumbuke vizuri. Walio juu yangu wanasema kama sakafu iliachwa imelowa bila onyo, basi kosa ni la mtu wa usafi. Watatafuta mwingine. Mimi sina la kuwaambia."

"Nimekuelewa. Nilisahau."

Sishikiwi alijua kwa nini shemeji yake alisema hivyo. Hakusema kwa ajili ya fundi. Alisema kwa ajili ya yule binti aliyemlea, ili asikae na mume aliyefukuzwa kazi. Sishikiwi aliona uso wake unawaka kama amechungulia tanuri. Alitakiwa kupita pazia lile na maneno manne tu. Alipita na sinia. Akamimina chai, ikamwagika kwenye kisahani, na msimamizi akasema, "Asante, fundi, pole kwa kuuguza." Shemeji yake alikuwa anatazama dirishani.

Alimsindikiza msimamizi mpaka barabarani. Njiani alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza akasema mvua zimepungua. Mara ya pili akasema, "Safari njema, bosi." Akarudi akipitia nyuma ya nyumba ili asipite sebuleni, mwanaume mzima, nyumbani kwake, ananyata kama mwizi wa kuku.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa msimamizi kabla hajafika. Alipofungua ofisi, aliingia naye, hakukaa.

"Bosi, kibao kilikuwepo. Alikiweka katikati ya ukumbi. Mimi nilikiondoa."

Msimamizi alitua mkoba wake polepole. "Ulikiondoa kwa nini?"

"Kilikuwa kimekaa nilipotaka kuweka ngazi. Nilikificha nyuma ya nguzo. Na ngazi haikuwa na raba. Na alitaka kunishikia, nikakataa. Aliponiona naanguka alikuja kuishika, ndiyo maana ikamwangukia. Angekaa alipokuwa asingeguswa na kitu."

"Na juzi, mimi nikiwa kwako, unanimiminia chai?"

"Nilisikia yote."

"Kamera ya ukumbini ingenionyesha," alisema msimamizi, "lakini kamera ilikuwa imekufa mwezi mzima kabla ya siku ile, na aliyetakiwa kuitengeneza ni wewe."

Hilo hakuwa amelifikiria. Aliona kwamba aibu nayo ina ghorofa, kwamba alikuwa amejidhani amefika ya chini kabisa, kumbe kuna nyingine.

Hakufukuzwa. Alisimamishwa kazi kwanza, na aliporudishwa aliambiwa asiguse ngazi mpaka atakapoambiwa. Taa ikiungua, apande fundi bomba, mzee mnene anayeogopa urefu, yeye Sishikiwi abaki chini ashike na kuelekeza. Na siku ya kurudi kwake, msimamizi aliwakusanya wafanyakazi wote stoo, wapishi wa kantini, walinzi, makarani, watu wa usafi, akamwambia fundi asimame mbele aeleze ilivyokuwa, na aonyeshe ilivyotakiwa iwe.

Alieleza. Alionyesha raba za miguuni, akasema ngazi isiyo nazo haipandwi, boksi si raba. Alionyesha namna ya kuegemeza, isisimame wima ikakurudisha nyuma, wala isilale ikateleza. Alisema mkono mmoja ubaki umeshika muda wote, tumbo lako lisivuke upande wa ngazi, ukiona hufikii ushuke usogeze. Alisema sakafu ikiwa mbichi subiri. Mpaka hapo watu walikuwa wanamsikiliza kama darasani. Alipofika kwenye kibao, aliitazama sakafu. "Kibao alikiweka," alisema. "Nilikiondoa mimi. Halafu nikasema sikukiona."

Mlinzi mmoja wa nyuma alicheka kidogo, akidhani ni mzaha wa Sishikiwi kama siku zote. Hakuna aliyemfuata, naye akajifanya anakohoa. Mwanamke wa kantini, rafiki wa shemeji yake, alimtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, akageuka akatoka. Fundi alimaliza kwa kuirudisha ngazi mahali pake, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono.

Jioni hiyo ndipo alipomwambia mkewe. Alikuwa amejipanga kwa maneno mengi. Mkewe alikuwa anakunja nguo zilizokauka, akamwacha aseme mpaka mwisho, huku anaendelea kukunja.

"Dada aliniambia siku ile ile hospitalini," alisema. "Kibao, boksi, yote."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia kitu."

"Nikuambie nini? Wewe ndiye ulikuwa na la kusema. Aliniapisha nisikuulize, akasema utasema mwenyewe. Kila siku ukirudi kazini natazama mlango, nasema labda leo." Aliichukua suruali ya kazi ya mumewe, akaikung'uta, akaikunja kama nyingine zote. "Nilikuwa naona haya kwa niaba yako. Mbele ya dada yangu, nyumbani kwangu, naona haya kama mimi ndiye niliyedanganya."

Alitamani agombezwe zaidi. Mkewe alimaliza nguo, akazibeba, akaingia ndani kwa dada yake, na punde akawasikia wakizungumza mambo ya watoto.

Yule mama alirudi kazini mkono ulipopona, ila haukupona wote. Kiganja hakigeuki mpaka mwisho, na vidole havina nguvu ya kukamua. Msimamizi alimpa kazi ya kutunza funguo na kupokea vifurushi pale mapokezi, kazi ya kukaa. Watu wengi walimpongeza, wakasema amepanda cheo. Yeye hakuipenda. Alisema kukaa kunamchosha, na kwamba huyo binti mpya wa deki anaacha matope kwenye pembe.

Siku moja taa ya korido ya chini iliungua. Fundi bomba alikuwa anaumwa, na msimamizi akasema haya, panda wewe. Sishikiwi alikwenda mapokezi kuchukua ufunguo wa stoo, akaileta ngazi ya kusimama, akaifungua mpaka ikajifunga, akakagua miguu yake mmoja mmoja. Watu wawili watatu walichungulia milangoni kumtazama, kwa mazoea. Alisimama kidato cha kwanza, akashuka tena, akarudi mapokezi.

"Mama," alisema, "naomba mtu wa kunishikia."

"Mlinzi yuko getini, baba watoto. Mwite."

Alikwenda kumwita. Mlinzi akaja, akashika ngazi kwa mikono miwili, akitabasamu chini chini kwa jina la mtu anayemshikia. Sishikiwi alipanda polepole, akabadilisha taa, akashuka akaisogeza, akapanda tena. Kazi ya dakika chache ikachukua muda mrefu, na makarani wakachoka kutazama wakarudi ndani.

Alipokwenda kurudisha ufunguo, yule mama aliupokea kwa mkono wa kushoto, akautundika mahali pake. Kulikuwa na chupa ya maji mezani kwake, mpya, haijafunguliwa. Sishikiwi alimwona akiitazama. Bila kuomba ruhusa aliichukua, akaifungua, akairudisha mbele yake, akageuka kuondoka.

"Ahsante," alisema yule mama.

Sishikiwi alitembea mpaka mwisho wa korido, akazima taa mpya, akaiwasha, kuhakikisha tu kwamba inawaka, kisha akashuka stoo kutengeneza ile kamera.